Barua Niliyoipeleka kwa Mwajiri

Mwanamke huyo alikuja ofisini kwetu Jumatatu moja ya mwanzo wa mvua, akaketi kwenye benchi la nje kabla mlinzi hajafungua. Nilipomwita ndani aliweka juu ya meza yangu kufuli kubwa la chuma, pamoja na ufunguo wake.

"Ni nini hii, mama?" nikamuuliza.

"Ni kufuli ya nyumba yangu," akasema. "Mulango haiko tena. Bwana yangu aliibebaka ku bibi yake mupya, kule Ruashi. Mi aliniachiaka kufuli."

Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka kumi na mmoja. Nilishasikia wanaume walioondoka na redio, na godoro, na malata ya paa. Mlango sikuwahi. Nikamwomba anieleze taratibu, nami nikaandika.

Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili katika komine Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, ya matofali ya udongo wa kichuguu, haijapigwa lipu. Kitu cha maana pekee katika nyumba ile kilikuwa mlango wa chuma ambao yeye mwenyewe aliununua baada ya kuvuna mahindi, akaupaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Mume alikuwa ameondoka miezi saba. Akarudi Jumamosi moja mchana, na mkokoteni na wenzake wawili, watoto wakiwa wanakula. Hakuwasalimu. Akaanza kugonga bawaba. Mlango ulipoanza kulegea, akamwita binti yake mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, aushike usije ukamwangukia.

"Na mutoto akashika?" nikauliza.

"Ni papa yake, madame. Angefanya nini?"

Tangu siku hiyo walilala wameziba pale kwa kitenge na mbao za kitanda. Nikaandika hayo pia. Kisha nikamwambia kwamba kuhusu mlango ningeweza kumpeleka mumewe polisi. Akatikisa kichwa.

"Mulango abakie nayo. Mi nataka batoto basome, na bakule. Bako batatu."

Ofisi yetu ni ya mambo ya jamii, chumba kimoja nyuma ya jengo la komine. Kazi yangu ni kuwapokea wazazi walioachana, karibu wote wanawake, na kutafuta namna ya mzazi aliyeondoka kuendelea kuwalea watoto wake. Kwenye karatasi, ni kazi rahisi. Unaandika mwito. Mwanamume asipokuja, unaandika wa pili. Wa tatu unaupeleka kwa polisi. Akija, anaapa mbele yako, anatia saini, mnapeana mikono, na mwezi unaofuata mama anarudi peke yake kukwambia hakuna kilichofika. Asipokuja kabisa, faili linakwenda mahakamani. Hakimu anatoa uamuzi, mama anauchukua nyumbani, anauweka ndani ya Biblia au chini ya godoro, na hapo unakaa, kwa sababu mtumishi wa mahakama wa kuutekeleza hatoki bila kulipiwa nauli, na wa kulipa nauli hiyo ni mama mwenyewe ambaye hana.

Kwenye meza ya pili alikaa mwenzangu, mzee wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeandika mafaili yote kwa mkono, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mashine, na ndiye aliyeyashona kwa sindano na uzi, kwa vile vibanio vilikuwa havijaletwa tangu mkuu aliyepita. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

"Karatasi inashiba, mama," alikuwa akiniambia akivuta uzi. "Mutoto hashibe."

Sikupenda aseme hivyo, hasa kwa sababu hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Wazo langu lilitoka kwa mama yangu. Sisi ni watu wa kaskazini, wa upande wa Kabalo, na baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa mjini. Alikuwa mnywaji. Mshahara wake ulikuwa unapungua njiani, baa baada ya baa, na siku nyingine ulifika nyumbani umebaki harufu tu. Lakini hatukulala njaa. Siku hizo kampuni ilikuwa ikitoa posho ya unga, mafuta na samaki, na aliyekwenda kuipokea hakuwa mfanyakazi bali mke wake, akiwa na kikadi chenye idadi ya watoto. Namkumbuka mama amejitwisha mfuko wa unga, nami nyuma yake nimeshika chupa ya mafuta kwa mikono miwili. Baba alitukuta tumeshiba, akatugombeza kwa kelele, akalala.

Posho ile ilikwisha zamani. Lakini katika sheria ya familia kuna kifungu kinachomruhusu hakimu kuamuru sehemu ya mshahara wa mtu ikatwe kazini kwake na kufika moja kwa moja kwa anayelea watoto. Sikuwa nimewahi kuona kikitumika. Mume wa yule mama alikuwa na kazi ya mshahara: alikuwa fundi wa malori katika kampuni ndogo iliyosafirisha mawe ya mgodi upande wa Ruashi. Nikaona huyu anafaa. Nikaenda kwa mkuu wetu.

"Madame," akaniambia, "unataka kunitafutia maneno na bale bantu ya mine?"

"Hapana, chef. Kesi moja tu. Tuone kama itawezekana."

Akainua kidole kimoja. "Moja. Ikiharibika, ni yako. Ikitengenezeka, ni ya bureau."

Nikacheka. Nilidhani anatania, naye akacheka ili nisijue kama anatania.

Mahakamani, mume alikuja. Sikutegemea. Nilikuwa nimemchora akilini kwa ajili ya ule mlango, mtu mnene mwenye sauti kubwa. Akaingia mtu mrefu, mwembamba, ameoga, amevaa shati la Jumapili, mafuta meusi yamebaki kwenye kucha. Hakimu akamuuliza kama watoto ni wake.

"Ni bangu, bwana hakimu."

"Unawatunza?"

"Nikipata kintu, natumaka."

"Mara ya mwisho ulituma lini?"

Akatazama sakafu. Kisha akasema, "Mi sikatae batoto. Lakini mushahara yangu ianze kupita mu mikono ya bibi, mbele ya mikono yangu? Mi niko mutoto?"

Hakimu akavuta karatasi yake. Akasoma uamuzi: sehemu ya mshahara ikatwe kila mwezi, hadi mtoto wa mwisho afikishe umri wa mtu mzima. Mke akajifunga kitenge upya, akakaza sana, kama anayejiandaa kubeba kitu kizito.

Tulipokuwa tukitoka, mume akapita karibu nami.

"Madame, uko na bwana?" akaniuliza kwa upole.

"Alikufaka," nikasema.

"Njo maana," akasema, akaenda zake.

Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi. Nilijiambia ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Lakini nilikuwa nikijiuliza, nikiosha vyombo vyangu vya mtu mmoja, kama kweli nilikuwa nikiwatetea watoto wale au nilikuwa nikimwandama mwanamume mmoja badala ya wote, hata badala ya baba yangu.

Barua ya mahakama niliipeleka mwenyewe kazini kwake. Mkuu wa wafanyakazi alikuwa kijana msomi, kofia ya usalama imewekwa vizuri juu ya meza. Akaisoma mara mbili. Akasema hajawahi kuona barua kama hiyo, lakini sheria ni sheria. Akagonga mhuri kwenye nakala yangu. Nikatoka pale kwenye vumbi jekundu la malori nikajisikia kijana.

Mwezi wa kwanza, pesa ikaja. Mama alijifunza kuandika jina lake hapo ofisini ili asitie kidole. Mwenzangu alimchorea herufi, naye akazifuata polepole, ulimi umetoka nje kidogo. Mwezi wa pili, ikaja. Binti mkubwa alirudi darasani, na wadogo wake wawili wakanunuliwa viatu. Mwezi wa tatu mama alileta beseni ya viazi vitamu. Nikamwambia nimekatazwa kupokea kitu kwa watu ninaowahudumia. Akasema sawa, akatoka, akaiacha beseni kwenye benchi na kwenda zake bila kugeuka. Tulivila na mwenzangu vikiwa vimechemshwa, na chumvi. Hata yeye siku hiyo hakusema neno lake juu ya karatasi.

Habari ikasambaa. Wanawake walianza kuja kutoka komine nyingine, wakauliza, "Ni hapa njo kuko ile barua?" Benchi halikutosha, wakakaa kwenye ngazi. Nikaandika barua nyingine nne, kwa waajiri wanne. Mkuu wetu alitoa hotuba mbele ya wageni wa mkoa, akaeleza mpango aliouanzisha, akasifiwa. Sikujali. Kanisani niliimba kwa sauti, na nilipotembea barabarani nilikuwa nikitazama wanaume wanaotoka kazini kama mtu ambaye hatimaye ameshika ncha ya kamba.

Mwezi wa nne mama akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi tukafunga. Nikampigia simu mkuu wa wafanyakazi. Haikupokelewa. Keshoye nikaenda.

Alinipokea vizuri, akaniagizia maji baridi. Akasubiri ninywe kwanza.

"Hatukumufukuza, madame," akasema. "Kontra yake iliisha."

"Iliisha yake peke yake?"

"Hapana. Iliisha ya bantu mingi. Ni kontra ya miezi."

"Na bale bengine, muliwarudisha kazini?"

Akazungusha ile kofia juu ya meza. "Barua yako ilifika ku bakubwa, madame. Bakauliza: sasa siye njo tutakuwa tribunal? Kesho na keshokutwa babibi batajaa pa mulango ya kazi? Fundi ya malori iko mingi huku Ruashi. Bakaona ni afazali…"

Alikuwa ameona aibu, na aibu yake ilinivunja zaidi kuliko kama angenifokea. Nilimwambia asante kwa maji. Sikuwa na jambo la kumshtaki: kandarasi ilikuwa imekwisha kwa tarehe yake, na karatasi zao zilikuwa safi kuliko zetu.

Zile barua nyingine nne, tatu hazikujibiwa. Moja ilirudi haijafunguliwa. Na wanaume nao walikuwa wamesikia. Wake zao walikuja kunieleza: huyu kazini sasa amejiandikisha hana mke wala mtoto, yule ameajiriwa kwa jina la kaka yake, mwingine ameomba alipwe mkononi nje ya daftari. Mama mmoja akaniambia, bila hasira, "Madame, zamani alikuwa ananitumia hata kilo ya samaki. Tangu alisikia ile barua, hatumake tena."

Wiki chache baadaye akaingia msichana mmoja wa miaka ishirini na mbili hivi, mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Ni weye njo mama ya barua?"

"Ni mimi. Karibu, mama. Ni maneno gani?"

"Bwana yangu alikuwaka na kazi," akasema. "Fundi ya malori. Ulipeleka barua, bakamutosha ku kazi. Akaenda Kambove kuchimba. Mwezi ya pili sasa, hatume kintu. Mutoto iko naumwa. Sasa weye uniambie: mi niende ku nani?"

Nikajua ni nani. Nikataka kusema mengi: kwamba barua haikuwa yangu bali ya mahakama, kwamba wapo watoto watatu waliokuja kabla ya huyu. Mtoto akakohoa mgongoni kwake. Kwa mujibu wa kazi yangu, mama aliyesimama mbele yangu alikuwa na haki ileile na wa kwanza: mume ameondoka, mtoto hatunzwi. Nilipaswa kumfungulia faili. Nikamtazama mwenzangu. Yeye alikuwa ameshachukua fomu mpya. Aliandika jina la baba wa mtoto bila kuuliza.

Siku hiyo mke wa kwanza naye alikuwapo nje. Nilipotoka kumsindikiza yule msichana, nikaona wametazamana. Wakajuana papo hapo, sijui kwa njia gani. Labda walishaonana mbali. Nilisimama kati yao nikingoja maneno mabaya. Mke wa kwanza akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi. Yule mdogo akasita, halafu akaketi. Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

"Mutoto iko na miezi ngapi?" mkubwa akauliza.

"Munane."

Akainamia kumtazama. "Anafanana na wangu ya tatu," akasema. Kisha akatafuta kitu mfukoni, hakukipata, akaacha.

Faili jipya lilitaka nitembelee nyumba. Nikaenda Ruashi. Ni mtaa wa nyumba mpya, kila mtu anajijengea kadiri anavyopata. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja, nusu ina paa, nusu ina turubai, na mbele yake ule mlango wa kijani, mkubwa kuliko ukuta wenyewe ulivyostahili. Yule msichana aliona ninavyoutazama.

"Aliniambia aliinunuaka," akasema. Nikaandika kwenye fomu: nyumba ina mlango.

Nikaamua kumfuata mume Kambove. Hakuna aliyenituma, mkuu wetu alikuwa ameshaniambia kesi imeharibika na ni yangu. Nilikwenda siku yangu ya kupumzika, kwa nauli yangu, hadi Likasi, halafu kwa pikipiki. Nilipitia kwa wauza chakula nikimtaja kwa kimo chake na ufundi wake, hadi mama mmoja muuza bukari, ugali wa kwetu, akanielekeza bondeni, mahali wanapooshea mawe. Walikuwa wengi, wamejaa tope la kijivu, huwezi kujua mzee ni nani na kijana ni nani. Yeye ndiye aliyenitambua mimi.

"Madame ya tribunal," akasema. "Ulifika mupaka huku."

Alitoka majini. Alikuwa amekonda. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. Tukakaa juu ya mifuko iliyojaa mawe.

"Sikuya na barua," nikamwambia. "Nilikuya kukulomba tu. Batoto hawana kintu. Bote banne."

"Najua."

"Hata kidogo, papa. Utume kwa muntu yenye anashuka Lubumbashi."

Akageukia bondeni. "Hapa hakuna mushahara, madame. Kuko siku tunapata, kuko siku tuko na deni ya chakula. Sasa utamwandikia nani barua? Utaiandikia shimo?"

Akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyafikiria maneno yake mara nyingi akiwa peke yake.

"Mi nilikuwa baba mubaya. Sawa, nakubali. Lakini baba mubaya yenye iko na kazi, na baba mubaya yenye hana kazi: batoto yangu balikulombaka baba gani?"

Nilikuwa nimesoma shule ya kazi ya jamii miaka mitatu, nimehudhuria semina, nina vyeti. Hakuna mahali waliponifundisha jibu lake. Nikamwambia samahani. Sijui kama mtumishi wa serikali anaruhusiwa kumwomba samahani mtu aliyebeba mlango wa watoto wake, lakini nilimwomba. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akarudi majini. Hakuuliza habari za mtoto hata mmoja. Nilingoja kidogo, nikidhani labda atageuka aulize.

Niliporudi ofisini, mke wa kwanza alikuja na binti yake mkubwa, yule aliyeshika mlango. Alikuwa ameshaacha shule tena. Alikuwa akiuza maandazi kando ya barabara, na vidole vyake vilikuwa na alama za mafuta ya moto. Mama alipokwenda kuongea na mwenzangu, binti akasogea mezani kwangu.

"Madame, ulimuona papa?"

"Nilimuona."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema usome sana," nikamwambia.

Akanitazama usoni. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe na kusema ni paka.

"Papa hajasemaka vile hata siku moja," akasema, akatoka kumngojea mama yake nje.

Mvua zikaisha, ukaja ule msimu wa baridi na vumbi. Mwenzangu alistaafu. Siku ya mwisho aliniachia sindano na donge la uzi, akaniombea dua fupi, akasema nisijiumize. Meza yake haikupata mtu. Nikaanza kushona mafaili mwenyewe, vibaya.

Yule mama wa kufuli alikuwa hajaonekana muda mrefu. Alipokuja tena, alikuja na wanaume wawili ambao walibaki nje, wamevaa makoti. Aliniambia ni kaka za mumewe, wametoka kijijini.

"Bwana yangu hayuko tena Kambove," akasema. "Alienda. Bamoja banasema Kolwezi, bengine banasema mbali kupita. Hakuna muntu anajua."

"Pole, mama."

"Ndugu zake banasema ni karatasi yangu njo ilimupoteza. Banasema akikufa huko, ni mimi nitalipa mufu." Akateremsha sauti. "Banasema, kama faili inabakia wazi, batakamata kiwanja. Kama naifunga, bataniachia nyumba na batoto. Sasa nilikuya uifunge."

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu: kwamba kiwanja hawawezi kukichukua hivihivi, kwamba kuna sheria, kwamba ningeweza kumwandikia barua… Alikuwa ananisikiliza kwa adabu kubwa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akiongea kwa homa.

"Madame," akasema nilipomaliza, "weye uko muntu muzuri. Batoto yangu banakuombeaka. Lakini funga."

Nikachukua karatasi. Kwa kufunga faili lazima mlalamikaji ataje sababu, na sababu zinazokubalika ni chache. Nikamsomea.

"Andika kama nimesamehe," akasema.

"Umesamehe?"

"Hapana. Andika tu."

Nikaandika. Kwa Kifaransa sentensi ile ilitoka nzuri, fupi, yenye heshima. Akatia saini jina lake kwa herufi zile alizofundishwa, moja baada ya moja. Sasa aliziandika haraka, bila kuhitaji kuchorewa. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akatoka. Dirishani nikaona mmoja wa wale wanaume akimnyooshea mkono ampe nakala. Akampa. Yule mwanamume aliigeuza huku na huku, akamrudishia. Nadhani hakujua kusoma Kifaransa.

Mwisho wa mwaka nilijaza ripoti ya ofisi. Mafaili yaliyofungwa kwa msamaha wa mlalamikaji huandikwa kwenye safu ya kesi zilizotatuliwa. Ndivyo fomu ilivyo, sikuipanga mimi. Mkuu wetu alipitisha macho, akaona safu ile imejaa zaidi kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

"Muzuri, madame," akasema, akagonga mhuri.

Faili la yule msichana wa Ruashi bado liko wazi. Yeye mwenyewe haji tena. Jirani yake aliniambia amerudi kwao na mtoto, hakujua ni wapi. Lakini faili lililo wazi lina utaratibu wake, na kila baada ya miezi mitatu lazima baba wa mtoto aitwe. Kwa hiyo naandika. Naandika jina lake lote, naandika Kambove kwa sababu ndiyo anwani ya mwisho tuliyo nayo, naandika kwamba anaombwa kufika ofisini kwetu siku fulani, saa tatu asubuhi, bila kukosa, kwa mazungumzo yanayohusu watoto wake. Siku hiyo ikifika, saa tatu, natazama benchi. Wapo wanawake wengine. Namwita wa kwanza.